Barua ya Mama kwa Binti: Filamu ya Kuch Kuch Hota Hai mbele ya Mtazamaji Mtoto

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya watoto kwa kawaida huanza na maswali mawili: je, kazi hii inamfaa mtoto, na je, inamfunza nini? Maswali hayo ni ya haki, lakini yote mawili yana kasoro moja. Yanachukulia kwamba mtoto na kazi ya sanaa hukutana wawili peke yao. Katika maisha sivyo. Ngano ina msimulizi wake, wimbo wa kubembeleza una mwimbaji wake, na filamu nayo ina mtu aliyeichagua, akaiwasha, akaketi kando ya mtoto huku akingojea kuona kama naye ataipenda. Mtu huyo mara nyingi ni mama, na filamu anayoichagua mara nyingi si mpya. Ni ile aliyoipenda mwenyewe alipokuwa na umri wa mtoto huyo.

Makala haya yanakusudia kuichunguza hali hiyo kwa mfano mmoja, yaani filamu ya nyimbo ya Kihindi iitwayo Kuch Kuch Hota Hai, iliyoandikwa na kuongozwa na Karan Johar, na kutolewa mwezi wa Oktoba 1998. Msichana wa Mombasa, Malindi au Lamu aliyekuwa na miaka 8 mwaka huo sasa amepita miaka 30, na huenda ana binti wa umri uleule. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, filamu yenyewe inamhusu mama anayemwachia binti yake hadithi ya ujana wake. Pili, Waswahili wanayo kazi kongwe inayokaribiana nayo kwa umbo, nayo ni Utendi wa Mwana Kupona. Hoja kuu ni kwamba faida au madhara ya filamu kama hii kwa binti hayaamuliwi na filamu peke yake. Huamuliwa pia na maneno ya mama yanayosikika juu ya maneno ya filamu. Kwa hiyo mhakiki anayeipima picha na kuyaacha maneno hayo amepima nusu tu ya kazi.

Filamu ya Kihindi na Jamii ya Pwani

Kabla ya kuingia katika kiini cha mjadala, yafaa kuondoa pingamizi moja. Wapo watakaosema kwamba filamu ya Bombay ni kitu cha kigeni, na kwamba mama wa Kiswahili anayempa binti yake kitu hicho badala ya ngano za nyanya zake anamlisha kasumba. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halizingatii historia. Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures (2018), ameeleza jinsi filamu za Kihindi zilivyopendwa Zanzibar na Tanzania Bara kwa miongo mingi, na jinsi wanawake walivyokuwa na maonyesho yao wenyewe katika majumba ya sinema. Minou Fuglesang, katika Veils and Videos (1994), aliwachunguza wasichana wa Lamu katika wakati ambapo kanda za video zilikuwa zimeingia majumbani. Aliwakuta wakiitumia filamu ya Kihindi kuzungumzia mavazi, mapenzi, wazazi na ndoa. Kwa Afrika Magharibi, Brian Larkin alionyesha mwaka 1997 kwamba Wahausa nao waliiona filamu ya Kihindi kuwa njia ya kuufikiria usasa bila ya kupitia Ulaya.

Muziki unatoa ushahidi ulio karibu zaidi. Mohamed Juma Bhalo (1942–2014), mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Mombasa, alijulikana kwa nyimbo zilizotumia mahadhi ya filamu za Kihindi, na baadhi ya mashairi aliyoyaimba yalitungwa na malenga Ahmad Nassir. Mahadhi yalitoka ng'ambo, lakini shairi lilikuwa na vina na mizani ya Kiswahili, na hadhira iliupokea wimbo kuwa wake. Basi pwani haikuipokea sanaa hii kama chombo kinavyopokea maji. Iliipokea kama mshairi anavyopokea bahari mpya ya ushairi: akaitia maneno yake. Jambo ambalo makala haya yanalidai kwa mama na binti lilikwisha kufanywa na wanataarabu mbele ya hadhira nzima.

Ifahamike vilevile kwamba katika filamu za aina hii anayeonekana akiimba siye anayeimba. Katika Kuch Kuch Hota Hai watunzi wa muziki ni Jatin na Lalit, mashairi ni ya Sameer, na sauti ya kike inayosikika katika wimbo mkuu ni ya Alka Yagnik, ambaye hatokei katika picha. Mgawanyo huo wa kazi baina ya mtunzi, mwimbaji na mwigizaji si mgeni kwa mtu aliyelelewa katika taarabu, ambako shairi la mmoja hupita katika kinywa cha mwingine. Mtoto anapouliza, "Huyu mama ndiye anayeimba?" hapo amegusa swali kubwa la nadharia ya fani, nalo lastahili jibu la kweli.

Hadithi na Muundo Wake

Kwa ufupi, hadithi ni hii. Rahul (Shah Rukh Khan) na Anjali (Kajol) ni wanafunzi wa chuo na marafiki wa kufa na kuzikana. Anjali amekata nywele fupi, huvaa kama wavulana, na humshinda Rahul katika mpira wa kikapu. Anakuja chuoni Tina (Rani Mukerji), binti wa mkuu wa chuo, aliyetoka London. Rahul anampenda Tina. Anjali anatambua kwamba naye anampenda Rahul, lakini amechelewa, na anaondoka chuoni bila ya kusema kitu. Rahul na Tina wanaoana. Tina anafariki muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa kike, naye ameacha agizo kwamba mtoto aitwe Anjali. Tena ameacha barua 8, moja kwa kila siku ya kuzaliwa. Barua ya nane ndiyo inayomsimulia mtoto kisa hiki chote na kumpa kazi: amtafute yule Anjali wa kwanza na kumrudisha katika maisha ya baba yake. Mtoto (Sana Saeed), akisaidiwa na bibi yake, anamfuata Anjali katika kambi ya watoto. Anamkuta amekwisha kuposwa na Aman (Salman Khan). Mwishowe, siku ya harusi, Aman mwenyewe anamwachilia Anjali, naye anaolewa na Rahul.

Kifani, sehemu kubwa ya nusu ya kwanza imejengwa kwa mbinu rejeshi ndani ya barua. Mtazamaji haoni ujana wa Rahul moja kwa moja. Anauona kama unavyosimuliwa na marehemu kwa mtoto wa miaka 8. Muundo huu una athari ambayo haikutiliwa mkazo wa kutosha na wanaoihesabu filamu hii kuwa kisa cha mapenzi cha kawaida. Filamu imeweka nafasi tatu za kuketi mtazamaji wa kike: nafasi ya mtoto anayesoma, nafasi ya kijana anayependa na kukosa, na nafasi ya mama anayeandika akijua kwamba hatakuwapo. Msichana wa mwaka 1998 aliketi katika nafasi ya kwanza. Kwake yeye shujaa alikuwa Anjali mdogo, mtoto aliyewazidi watu wazima akili na kuwapanga kama kete za bao. Akiitazama leo akiwa na binti, anajikuta katika nafasi ya tatu, na sauti anayoisikia mwanzoni mwa filamu ni ya mama anayeaga. Picha hazikubadilika, bali kiti cha mtazamaji kimehama.

Hapa ndipo jambo zito linapojitokeza. Mama aliyekumbuka nyimbo, rangi na mzaha hugundua kwamba filamu aliyomchagulia binti yake inaanza na kifo cha mama. Binti wa miaka 6 au 7 hatalipita jambo hilo kimya. Atauliza kwa nini mama yule alikufa, na swali la pili, liwe limesemwa au halikusemwa, ni kama mama yake naye atakufa. Furaha ya kumpa mtoto kitu ulichokipenda haikuja na onyo hilo.

Barua na Utendi

Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wamekwisha kukutana na mama wa namna hii. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alikuwa amekwisha kufariki. Utendi una beti 102, na ndani yake mna mawaidha ya dini, adabu mbele za watu, uangalizi wa nyumba, na sehemu mashuhuri ihusuyo namna ya kukaa na mume. Kazi zote mbili, utendi na filamu, zinamweka mama mbele ya mauti yake, zinamfanya atumie maandishi kuivuka mauti hiyo, na zinamfanya binti kuwa mpokeaji wa kwanza. Katika zote mbili, tena, upo upande wa pili wa hadhira: Mwana Kupona anawaalika wanawake wengine nao wausome utendi wake, na barua ya Tina inasikilizwa na mamilioni ya watazamaji.

Lakini tofauti zake zina maana kubwa kuliko mifanano. Kwanza, katika utendi binti yupo. Mama anamwita akaribie na kumwagiza alete wino na karatasi. Mwana Hashima ni mshiriki katika uandishi wa wosia wake. Katika filamu, Anjali mdogo anasoma baada ya kila kitu kwisha, wala hana wa kumwuliza. Pili, mawaidha ya Mwana Kupona, hata pale yanapozungumzia mume, yanaelekea kwenye maisha ya binti mwenyewe: namna ya kuhifadhi heshima yake, dini yake na nyumba yake. Barua ya Tina haielekei huko. Binti wa miaka 8 anapewa jukumu la kumtafutia baba yake mke. Anafanywa mshenga kabla ya kufanywa mtoto. Filamu inalionyesha jambo hili kwa uchangamfu na vichekesho, hata mtazamaji asitambue uzito wake. Mtoto mwenye mama aliyekufa angekuwa na mahitaji yake mwenyewe, nayo barua inayasahau.

Tatu, kazi zote mbili zimeshitakiwa kosa moja. Utendi wa Mwana Kupona umesomwa na wengi kuwa hati ya kumtiisha mwanamke. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa anwani iliyoelekeza macho ya msomaji kwenye wajibu wa mke tu, kana kwamba dua, adabu na kumbukumbu zilizomo hazikuwa na maana. Wahakiki wa baadaye, akiwemo Ann Biersteker, wamependekeza kwamba maneno ya unyenyekevu ya mama huyo yasomwe kwa tahadhari, kwa kuwa huenda mna kejeli na werevu ndani yake. Mjadala huo haujakwisha, na haipasi kuukatiza hapa. Linalohusu makala haya ni kwamba wanawake wa pwani waliendelea kuupokeza utendi huo kwa mabinti zao huku mjadala ukiendelea. Hawakungoja utakaswe kwanza. Waliupokeza kwa sauti, na sauti ya msomaji, kwa kuvuta neno hili na kuliharakisha lile, ilikuwa tayari ni ufafanuzi.

Somo

Kiswahili kinalo neno linaloyafungua mambo haya kuliko istilahi yoyote ya kukopa, nalo ni somo. Neno hili lina maana tatu zinazojulikana sana. Somo ni funzo, jambo linalosomwa. Somo ni mtu unayeshirikiana naye jina. Tena, katika desturi za pwani, somo ni mwanamke mtu mzima anayemwelekeza msichana katika mambo ya utu uzima na ndoa, yale ambayo mama mzazi huona haya kuyasema.

Kuch Kuch Hota Hai, ambayo haikutungwa na Mswahili, imezikusanya maana hizo tatu katika mhusika mmoja. Anjali mkubwa ni somo wa Anjali mdogo kwa jina. Katika kambi ni mwalimu wake. Na kwa matakwa ya marehemu anaandaliwa kushika nafasi ya yule mwanamke atakayemlea na kumwelekeza. Mtazamaji wa Kihindi hataziona nyuzi hizi zikikutana katika neno moja. Mama wa Kiswahili anaweza kumwambia binti yake kwa sentensi fupi, "Huyu ni somo yake," na papo hapo muundo mzima wa hadithi ukafunguka.

Neno hilo linaleta na jambo jingine. Ngano zetu zimemchora mama wa kambo kuwa katili, anayemnyima mtoto chakula na kumtuma kisimani usiku. Filamu imeugeuza mchoro huo. Hapa mtoto ndiye anayemtaka mama wa kambo, ndiye anayemtafuta, na marehemu mama ndiye aliyemteua. Kwa watoto wengi wanaolelewa na wanawake wasiowazaa, mgeuzo huu si mchezo. Unawapa hadithi ambayo ndani yake mapenzi ya mama wa pili si usaliti kwa mama wa kwanza. Kwa maudhui, hili ndilo jambo jema kuliko yote katika filamu, na lafaa kusemwa waziwazi kabla ya kufika kwenye kasoro zake.

Mpira wa Kikapu na Sari

Kasoro kubwa ya filamu inahusu njia ambayo Anjali mkubwa anapita hadi kupendwa. Chuoni, Anjali mwenye nywele fupi ni hodari, mchekeshaji na huru, naye ni rafiki tu. Tina mwenye sketi fupi na urembo ndiye anayependwa. Anjali anapojaribu kuvaa na kujipamba kama Tina, wenzake wanamcheka. Miaka inapita, na anapotokea tena ana nywele ndefu na sari, sauti yake imetulia, na sasa Rahul anamwona kuwa mwanamke. Wanacheza tena mpira wa kikapu kambini. Yule aliyezoea kumshinda Rahul sasa anashindwa, kwa kuwa sari inamzuia. Filamu inalionyesha tukio hilo kwa utani na mahaba, na muziki unamwashiria mtazamaji atabasamu.

Ujumbe wake ni mzito kuliko tabasamu hilo: msichana hupendwa anapoacha kushinda. Johar mwenyewe, katika miaka ya baadaye, amekiri hadharani kwamba siasa ya kijinsia ya filamu yake ilikuwa na kasoro. Lakini kukiri kwa msanii hakuiondoi picha iliyokwisha kuingia katika kumbukumbu za kizazi kizima.

Kasoro hii ina mwenzake. Tina, mgeni kutoka London, anapimwa na Rahul anayemtaka aimbe wimbo wa Kihindi, kwa kudhani kwamba atashindwa. Anaimba wimbo wa ibada, na chuo kizima kinanyamaza. Kwa tukio hilo filamu inamruhusu kuvaa apendavyo maadamu ndani ya moyo wake mna mila. Kwa hiyo wanawake wote wawili wanafanyiwa mtihani, mmoja wa mila na mwingine wa umbo. Rahul hafanyiwi mtihani wowote. Tena ifahamike kwamba ulimwengu huu wote ni wa wenye nacho. Picha za chuo, nguo za bei na kasri ya Scotland katika wimbo mkuu zinaufanya umaskini uonekane kama haupo duniani, na kazi ya mikono haina nafasi ila nyuma ya milango.

Je, mama afanye nini? Zipo njia tatu ambazo wazazi huzifuata. Ya kwanza ni kuificha filamu. Njia hii ni dhaifu, kwa sababu nyimbo zake ziko kila mahali, na binti ataikuta bila ya mama. Ya pili ni kuiruka sehemu mbaya, jambo jepesi kwa vyombo vya leo. Nayo ina udhaifu, kwani kasoro hii haimo katika tukio moja. Imo katika mwendo wa hadithi nzima. Ya tatu ni kuitazama kimya, kwa kuwa kumbukumbu ya utotoni ni tamu na mama hataki kuichafua. Njia hii ndiyo ya hatari kuliko zote, maana binti huusoma uso wa mama. Akiuona uso huo ukitabasamu sari inapomshinda mpira, ataelewa kwamba mama ameridhia.

Lugha ya Mama

Inabaki njia ya nne, nayo ni ile iliyotumiwa na wasomaji wa tendi na wasimulizi wa ngano: kusema. Katika mazingira ya lugha nyingi, kusema huku si hiari. Binti hajui Kihindi. Maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha yanakwenda upesi kuliko jicho la mtoto wa darasa la kwanza. Mama analazimika kufasiri, na kila tafsiri ni uhakiki.

Chukua mfano wa wazo linalorudiwa katika filamu, kwamba mapenzi ni urafiki. Kihindi kina pyaar na dosti. Kiswahili kinampa mama upendo, mapenzi, huba na mahaba, na kila neno lina mahali pake. Akisema "upendo", ameliweka jambo hilo karibu na mama na mtoto, ndugu na jirani. Akisema "mapenzi", ameliacha lielee baina ya familia na wapenzi. Akisema "mahaba", amekwisha kufunga mlango wa utoto. Mama mwenye busara huanza na neno la kwanza na kumwachia binti ayafikie mengine kwa wakati wake. Katika uchaguzi huo mdogo, unaofanywa kwa sekunde moja gizani, mna malezi zaidi kuliko katika mawaidha ya saa nzima.

Binti naye hayuko mikono mitupu. Masikio yake yatakamata maneno ambayo Kihindi na Kiswahili viliyapata katika hazina moja ya Kiarabu na Kiajemi: duniya na dunia, waqt na wakati, khabar na habari, kitaab na kitabu, mohabbat na mahaba. Mtoto anayesema, "Mama, amesema dunia!" amegundua isimu historia bila ya kufundishwa, na ameambiwa na masikio yake kwamba Bahari ya Hindi ina pande mbili. Ni hasara kubwa kwa mzazi kulipita tukio hilo bila ya kulitumia.

Mfano wa msimulizi wa hadharani nao upo. Katika vibanda vya video vya Kenya, wafasiri kama DJ Afro wamejipatia umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mitaani, wakiongeza mzaha, wakiwapa wahusika majina mapya na kuwakosoa waziwazi. Wasomi huielekea kazi hiyo kwa dharau. Lakini kanuni yake ndiyo ileile ya fanani wa jadi: kazi haikamiliki mpaka mtu wa hapa aitie sauti yake. Mama anayesema wakati wa mchezo wa mpira, "Ningekuwa mimi ningeivua hiyo sari nikavaa suruali nikamfunga," amefanya kazi ya wafasiri hao, na binti akicheka, ujumbe wa filamu umekwisha kupata mpinzani. Picha inabaki nzuri. Wimbo unabaki mtamu. Lakini haviendi tena bila ya kujibiwa.

Na katika tukio la kifo, ambapo hakuna mzaha unaofaa, kusema huko kunachukua umbo jingine. Tina aliandika kwa sababu hangekuwapo. Mama anayetazama na binti yake yupo. Anaweza kujibu swali kwa kweli: kwamba watu hufa, kwamba mama yule aliyaacha maneno yake, na kwamba wao wawili wana wakati wa kuyasema yao wakiwa hai. Mwana Kupona alimwita binti akaribie ndipo akaanza. Ukaribu huo ndio unaokosekana katika filamu, na ndio ambao mtazamo wa pamoja unaweza kuurudisha.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Kuch Kuch Hota Hai ni filamu yenye muundo wa wosia wa mama kwa binti, na kwamba katika muundo huo inakutana na Utendi wa Mwana Kupona na kutofautiana nao katika jambo la msingi. Utendi umemweka binti kando ya wino, bali filamu imemwacha peke yake na barua. Uzuri wake ni kumpa mtoto mama wa pili asiye katili, na kuwaunganisha watu wawili kwa usomo wa jina. Ubaya wake ni kumfanya mtoto mshenga wa baba yake, na kumfunza msichana kwamba sharti la kupendwa ni kupunguza nguvu zake. Uzuri na ubaya huo vimefumwa pamoja, wala mkasi hauwezi kuvitenganisha.

Inafuata kwamba uhakiki wa sanaa ya watoto hauna budi kuipanua mada yake. Nyumba nyingi za pwani na za bara zina mama, nyanya, shangazi na dada wakubwa wanaofasiri filamu kila siku kwa Kiswahili, wakitunga majibu, wakichagua maneno, wakinyamaza mahali fulani na kupaza sauti mahali pengine. Maneno hayo ni fasihi simulizi ya wakati huu, nayo yanapotea jioni ileile yanaposemwa. Idara za lugha za Kiafrika, ambazo zimekusanya vitendawili, methali na nyimbo za harusi kwa bidii ya kusifiwa, zinaweza kuyakusanya maneno haya nayo, kwa ruhusa ya wenyewe na kwa adabu inayostahili nyumba za watu. Hapo ndipo itakapojulikana ni mawaidha gani mabinti wa leo wanapokea kutoka kwa mama zao, na ni yapi wanayapokea kutoka katika picha kwa kuwa hakuna mtu aliyesema neno.